Upana wa Korido

2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba magoti ya mama yamepunguza ukorofi. Mimi sijambo kabisa. Nimehamia chumba kipya, ghorofa ya pili, chenye madirisha mawili na mlango usiofunga vizuri. Ungeuona, fundi seremala wewe, ungetafuta randa kabla ya kutafuta kiti. Nimeweka ile taa inayowaka mtu akibonyeza kengele, kwa hiyo wageni wangu hawarushi tena vijiwe dirishani.

Mama ananisisitiza nitumie simu niachane na bahasha. Mwambie simu ni ya kusema nimefika salama. Wewe na mimi tumeandikiana tangu nilipopelekwa shule ya bweni ya viziwi nikiwa na miaka minane, na siwezi kukueleza jengo kwenye kioo chenye ukubwa wa kiganja.

Maana nina jengo, Mjomba! Wiki iliyopita bosi aliniita mezani kwake. Unajua yeye anajua alama tatu tu za lugha yetu: "asante", "haraka" na "chai". Akachukua karatasi akaandika: "Hii shule ni yako. Ongoza wewe." Ni shule ya msingi yenye madarasa manane, ambamo watoto viziwi na wanaosikia watasoma pamoja. Miaka sita nimekuwa msanifu majengo katika ofisi hii, na miaka sita nimechora vyoo na ngazi za majengo ya wenzangu. Vyoo vizuri, sikatai. Lakini hii ni mara ya kwanza jina langu kukaa kwenye kona ya ramani.

Nimeanza na korido. Wanaosikia wakitembea pamoja huongea huku wanatazama mbele. Sisi lazima tutazamane, mikono ipate nafasi, na jicho la pembeni liione nguzo kabla paji la uso halijaigonga. Kwa hiyo korido nimeipa mita mbili na nusu, na kona zake nimezikata mshazari ili mtoto amwone anayekuja. Dirisha halikai nyuma ya mwalimu, kwa sababu mwanga ukitoka nyuma uso unakuwa mweusi na midomo inapotea. Darasa la nne lote mimi nilifundishwa na kivuli. Viti vimekaa nusu duara, kila mtoto aone mikono ya mwenzake. Kuta zitakuwa za rangi moja tulivu, bila maua wala mistari, mikono isipotelee humo. Rangi ni kazi ya mwenzangu wa usanifu wa ndani, tunayemwita Pazia. Naye usikivu wake ni hafifu. Ana kifaa sikioni, chini ya nywele, na ofisi nzima anayejua ni mimi peke yangu. Usimwambie mtu.

Tarehe 20 Machi, saa nne asubuhi, nitasimama mbele ya kamati ya shule kueleza ramani. Msanifu mwingine, tunayemwita Tai, kwa ajili ya tai zake za shingoni na si kwa ajili ya mbawa, amesema atanisaidia kubeba michoro.

Niandikie upesi. Nina furaha inayonikosesha usingizi na nataka mtu wa kugawana naye.

Mpwa wako,
Rula


25 Februari

Rula, mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya jengo. Barua yako nimeisoma kwa sauti karakana nzima, siri ya Pazia nikairuka, mpaka mteja aliyekuja kuchukua kitanda akasahau kitanda. Mkaza mjomba wako alilia kidogo, kisha akasingizia vumbi la msasa. Mama yako hajambo. Magoti yake yanatabiri mvua kila asubuhi na yanakosea kila jioni.

Ulipokuwa mdogo ukitembea na rula yangu ya chuma, ukipima paka, meza na urefu wa pua yangu, niliwaambia watu huyu mtoto atatusumbua. Ndivyo ulivyopata jina. Sasa kawasumbue hao wenye shule.

Hapa kazi ipo. Tunatengeneza milango kumi na miwili ya zahanati. Ila vitu vya siku hizi havina maisha. Redio yangu imefifia, nikanunua nyingine, na yenyewe imefifia ndani ya mwezi. Watu nao wameanza mtindo wa kuongea ndani ya shavu. Mteja mmoja aliagiza kabati, nikamtengenezea kabati la haja, milango miwili, droo tatu. Akaja akashika kiuno: "Fundi, nilisema dawati." Nikamwambia, bwana, ulisema kabati. Akaapa. Basi kabati liko hapa, tunaweka viatu. Jirani muuza vitambaa naye amenuna. Eti kanisalimu mara tatu sijaitikia. Anasalimu kama anayenong'onezea pamba.

Nieleze zaidi habari za dirisha. Hapa karakana benchi langu liko mbele ya dirisha, na nimegundua mteja akisimama upande ule simwelewi kabisa. Nilidhani ni yeye.

Tarehe 20 saa nne asubuhi nitazima mashine zote nikuwazie. Simama wima, kidevu juu. Wakikuuliza kitu kigumu, chora.

Mjomba wako


30 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia milango ya zahanati inaendelea. Mkaza mjomba nampa pole ya vumbi.

Mlango wangu sasa unafunga. Fundi aliyekuja aliukata kupita kiasi, kwa hiyo unafunga juu na upepo unapita chini. Nimenunua mmea wa chungu wenye majani matatu. La nne linajifikiria. Jumapili Pazia alinitembelea. Tulipika, tukaunguza, tukala hivyo hivyo.

Kamati ilikutana. Ramani imepokelewa na ofisi imefurahi. Kwa sasa nimepewa ngazi ya jengo la bima, ghorofa tano.

Jirani yako muuza vitambaa mfuate dukani umsalimu mwenyewe, uso kwa uso, mahali penye mwanga.

Msalimie mama. Mwambie jani likitoka nitamtumia picha.

Rula


6 Mei

Rula,

Hatujambo sote. Samahani kwa kuchelewa. Mwandiko huu uliolala usikutishe. Nina kidonda kidogo kidoleni, mambo ya kawaida ya kazi, naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinaonekana kama zimetoka kulewa. Mama yako anakusalimu na anauliza habari za jani.

Barua yako nimeirudia mara nne. Kuna mlango uliokatwa vibaya, kuna mmea, kuna chakula kilichoungua. Hakuna dirisha hata moja. Barua ya Februari ilikuwa na korido, kona, viti, mwanga, rangi. Hii inasema "imepokelewa" kama mzigo wa posta.

Tarehe 20 nilizima mashine saa nne kamili nikakaa juu ya benchi. Nilikaa mpaka saa sita. Nina haki ya kujua nilikuwa nakuwazia nini.

Mjomba


15 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole na kidole. Mama na mkaza mjomba wape salamu zangu. Jani limetoka, limekunjamana kama nguo ambayo haijapigwa pasi, lakini ni jani.

Una haki. Nitakuambia.

Siku moja kabla ya kamati, bosi aliniandikia: "Mkalimani hakupatikana. Tai atazungumza, wewe ukae karibu. Itakuwa rahisi kwa wote." Nikasema sawa. Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba nilisema sawa. Niliogopa wakisema "ahirisheni" nitaonekana mzigo, na jengo wampe mtu mwingine.

Basi nikakaa mwisho wa meza kwa saa moja na dakika arobaini, nikitazama midomo. Mwenyekiti wa kamati ana ndevu nzito, hakuna unachokamata humo. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alikuwa ameketi kwa kunipa kisogo. Walicheka mara mbili. Nikatabasamu nao, bila kujua natabasamia nini. Kisha nikamwona Tai anaweka kidole gumba na cha shahada kwenye korido yangu, anavisogeza pamoja, na mwenyekiti anatikisa kichwa kukubali. Hapo sikuhitaji masikio.

Muhtasari wa kikao ulikuja baada ya siku nne. "Korido ipunguzwe hadi mita moja na nusu. Kona za mshazari ziondolewe. Viti vipangwe kwa safu." Nilimfuata Tai na karatasi mkononi. Nikamwandikia: "Waliuliza kwa nini korido ni pana?" Akaandika: "Ndiyo." "Ukawajibu nini?" Akafikiri, akaandika kwa aibu: "Nilisema ni mtindo."

Mtindo, Mjomba! Si mtu mbaya. Hakujua, na hakuniuliza, na mimi nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake na jibu lote likiwa mikononi.

Haya, nimesema langu. Sasa na wewe useme lako. Redio mbili hazifi kwa mwezi mmoja. Kabati na dawati kwenye midomo si kitu kimoja, lakini kwa mtu ambaye sauti zimeanza kumtoroka zinafanana, maana kinachobaki ni "ati". Anayesimama kwenye dirisha humwelewi kwa sababu umeanza kusoma midomo bila kujijua, na mwanga wa nyuma unaifuta. Mimi nimekuwa kiziwi kwa miaka ishirini na tano. Huwezi kunificha mtaa ninaoishi.

Tangu lini husikii? Na hicho kidole kimefanyaje?

Ninakupenda. Nijibu kwa mkono wowote.

Rula


24 Juni

Mpwa wangu,

Kwanza salamu za nyumbani: wote wazima, mama yako anakuombea wewe na mmea.

Barua yako niliisoma nikaitia kwenye droo, na siku tatu sikuongea na mtu. Mkaza mjomba wako alifikiri nimefariki nikiwa nimekaa. Nilikasirika. Nilitaka kukuandikia kwamba mtoto hamchunguzi mkubwa wake. Nilianza barua hiyo mara mbili na karatasi zote zimewashia jiko.

Tangu lini? Miaka mitatu, labda minne. Ilianza na ndege, asubuhi zikawa kimya nikadhani wamehama. Kisha sauti za wanawake, kisha za simu, kisha za kila mtu anayesimama nyuma yangu.

Kidole ni hivi. Tarehe 14 Aprili nilikuwa kwenye msumeno wa umeme na ubao ulianza kupasuka upande nisiouona. Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliita. Anasema aliita mara tano, mara ya mwisho kwa sauti iliyomtoa muuza vitambaa dukani kwake. Mimi nilikuwa naimba. Ubao ulirudi nyuma ukachukua ncha ya kidole gumba cha kulia. Ncha tu, ukucha bado upo nusu. Alinifunga kwa kitambaa cha jirani huyo huyo niliyesema ananuna. Njia nzima ya kwenda zahanati mke wangu alikuwa akiniuliza kitu kimoja na mimi nikimjibu vingine. Alikuwa akiuliza, "Hukunisikia?" Kumbe niliishi na mtu anayejua siku nyingi, akisubiri niseme mwenyewe.

Sasa kuna jambo nataka kuliandika vizuri, kwa hiyo nimekaa, nimezima kila kitu.

Ile homa ilipokuondolea usikivu ukiwa na miaka saba, nilichukua kipande cha ubao na penseli nikakuandikia, "Una njaa?" Ukaandika, "Ndiyo." Nyumba nzima ilinisifu. Nikaona nimemaliza kazi. Mwaka uliofuata ulirudi likizo kutoka bwenini na mikono inayoongea. Ukanifuata karakana, ukajaribu kunifundisha. "Mbao." "Nyundo." "Mjomba." Nikacheka, nikakuandikia kwamba mikono yangu ina shughuli. Likizo ya pili ulijaribu tena. Ya tatu hukujaribu. Sikujiuliza kwa nini umeacha. Miaka yote hii wewe ndiye uliyevuka kuja upande wangu, kwa penseli, kwa barua, kwa kunitazama midomo mpaka macho yachoke, na mimi nikajihesabu kuwa mjomba mzuri.

Mwezi uliopita tulikuwa watu kumi na mmoja mezani kwa mama yako. Walicheka, nikatabasamu, sijui nilitabasamia nini. Nilipofika kwenye mstari wako ule wa kutabasamu nilikuwa tayari nimeuishi. Niliufunika kwa kiganja.

Nisamehe, Rula.

Basi, korido. Baada ya siku zile tatu za kununa niliamka na hasira mpya, safari hii juu ya huyo Tai na mtindo wake. Nikachora mistari miwili ya chaki sakafuni, mita moja na nusu, nikasimamisha milango ya zahanati pande zote mbili iwe kuta. Nikamwambia mke wangu, "Njoo utembee na mimi, uniambie habari yoyote, mimi nitakutazama usoni tu." Tukaenda. Hatua ya sita niligonga mlango kwa bega. Tukarudi, mlango mwingine ulituangukia. Nikaongeza hadi mita mbili: tulifika nusu, nikamkanyaga. Nikaweka mita mbili na nusu kama ulivyochora. Tulitembea mpaka mwisho, nikageuka, tukarudi, na nikapata habari nzima ya jinsi muuza vitambaa anavyotaka kuoa tena. Habari nzima! Sijapata habari nzima kwa mwaka.

Miaka yote ya ufundi, na sikujua kwamba upana unaweza kumsaidia mtu kuelewa.

Rudi kwa hiyo kamati. Usiwape maneno. Wape chaki.

Mjomba wako


20 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kidole gumba. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, begi bado begani. Kuhusu lile la kusamehe, sitaki kulijibu kwa kalamu. Tuliache kidogo.

Sikiliza kilichotokea.

Siku iliyofuata nilimwandikia bosi: "Naomba kikao kingine na kamati. Bila mkalimani siendi, na bila mimi ramani isiende." Akasoma. Nilihesabu vigae vya sakafu. Kisha akanipa alama moja kati ya zile tatu zake: "Haraka." Nikatafuta mkalimani mwenyewe, mwanamke mtulivu mwenye mikono safi kama mwandiko wa mwalimu. Tarehe 9 tulikwenda: mimi, mkalimani, bosi, Tai na Pazia.

Sikufungua ramani. Niliomba watu wasogeze meza. Nikapiga magoti na gauni langu la heshima, nikachora mistari miwili ya chaki sakafuni, mita moja na nusu, na Pazia akapanga viti kandokando. Mwenyekiti akatazama saa. Nikamwomba yeye na mwalimu mkuu watembee kati ya viti wakiongea, kwa sharti moja: kila mmoja asiache kumtazama mwenzake usoni, hata mara moja.

"Lakini nani hutembea bila kutazama mbele?" akauliza mwenyekiti.

Mkalimani akatoa sauti yangu: "Nusu ya watoto wa shule yako."

Wakaanza. Mwalimu mkuu alimsimulia jambo la paa linalovuja. Hatua ya tano mwenyekiti aligonga kiti, kiti kikaangusha kingine. Hakuna aliyecheka. Akasimama pale, akainama kushika goti, akasema kwa mshangao, "Nilikuwa namsikiliza!"

"Ndiyo maana yake," akasema mwalimu mkuu.

Nikafuta mistari kwa kiganja, nikachora mipya, mita mbili na nusu. Wakatembea tena, wakafika mwisho, na mwenyekiti akaomba wengine wajaribu. Tai alikuwa wa kwanza kuinuka. Alitembea na mimi. Hajui alama, kwa hiyo alinitazama tu usoni njia nzima, mwekundu wa macho, na mwishoni akachukua kalamu akaandika kwenye kiganja chake: "Si mtindo." Wino ulibaki hapo siku mbili.

Kisha ikaja zamu ya rangi. Pazia alisimama, akaanza kueleza kwa nini kuta ziwe wazi, na katikati ya sentensi akapeleka mkono sikioni. Akainua nywele. Akageuka ili kila mtu akione kifaa, bosi akiwemo. Akasema, "Nachagua rangi hizi kwa sababu na mimi nazihitaji." Akaendelea na kazi kana kwamba ametoa koti.

Sikupata yote. Korido ni mita mbili na sentimita arobaini. Zile kumi walizoninyang'anya nadhani ni za kulinda heshima ya mwenyekiti. Kona za mshazari zimerudi zote. Nusu duara imekubaliwa kwa madarasa manne ya wadogo, manne ya juu yatabaki safu mpaka waone matokeo. Bosi ameandika barua kwa ofisi nzima kwamba kila kikao kitakuwa na mkalimani, na si kwa ajili yangu tu, maana kijana wa makadirio ya gharama wa chumba cha pili amejitokeza kusema sikio lake moja halifanyi kazi tangu utotoni. Tumekuwa watatu. Tunakula pamoja mchana, kwenye meza ya mviringo.

Sasa nina maombi mawili. Nahitaji meza ndogo zinazoungana kuwa nusu duara, za mbao, kingo zilizolainishwa, kwa madarasa manne. Nimemwambia mwalimu mkuu namfahamu fundi mmoja mwenye vidole tisa na nusu. La pili, nenda ukapimwe masikio. Pazia anasema kifaa cha kwanza kitakuudhi kwa wiki tatu, kila kijiko kitalia kama bati, na usikitupe.

Rula wako


12 Oktoba

Mpwa wangu,

Nimefika salama nyumbani jana usiku kutoka kwako. Mama yako amepokea picha za mmea na amezipanga juu ya redio. Mkaza mjomba wako hajambo, anasema nimerudi na kitambi.

Nilikuwa na mengi ya kukueleza tulipokuwa wote na sikuyaeleza, kwa hiyo nayaandika.

Kifaa nilikipata Agosti. Pazia alisema kweli kuhusu vijiko. Nilikivua mara kumi, mke wangu akanivisha mara kumi na moja. Hakinirudishii kila kitu. Mtu mmoja mbele yangu, sawa. Watu watano, ni kelele ya soko. Daktari alisema hakitafika zaidi ya hapo na kwamba miaka ijayo msaada wake utapungua. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, na wiki hiyo hiyo akatuandikisha sote wawili kwenye darasa la lugha ya alama, Jumamosi asubuhi, kwa mshonaji mmoja kiziwi anayefundisha nyuma ya cherehani zake. Mimi ni wa mwisho darasani. Kidole changu kifupi kinanivurugia herufi. Mwalimu anasema nina lafudhi. Mke wangu ni wa kwanza. Kabla ya safari, nilipokuwa nachelewa kula, alinigombeza kwa mikono kutoka upande wa pili wa uwanja, mbele ya majirani, kwa ufasaha wa kutisha. Nikatafuta kisingizio cha kutosikia, nikakikosa.

Sikukuambia kwenye barua kwa sababu nilitaka kukushtua.

Tulipofika kwenye eneo la ujenzi, ukanivisha ile kofia ya plastiki, ukanipitisha kati ya kuta zilizofika kiunoni. Ukaniambia kwa kuandika kwenye daftari, "Hii ndiyo korido." Nikapima kwa hatua. Nikaona kona zilizokatwa. Meza zangu nne za mfano zilikuwa chini ya turubai, na mwalimu mkuu akizipapasa kingo. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Badala yake nikakurudishia daftari lako, nikasimama katikati ya mita mbili na sentimita arobaini, nikakuambia kwa mikono yale niliyofanyia mazoezi tangu Agosti: "Mjomba amechelewa. Amekuja."

Ulisimama. Wafyatuaji wa matofali wakaacha kazi wakatutazama. Kisha ukaanza kuongea, na mikono yako, Rula, nilikuwa sijawahi kuiona. Nimeiona ikipeleka kijiko, ikishika penseli, ikipima pua yangu. Sikuwa nimeiona ikisema na mimi. Ilienda kasi. Nikakuomba urudie. Ukarudia. Nikaomba tena, ukarudia polepole, alama moja moja, ukiinama kidogo kunitazama kama imeingia, na machozi yanakushuka bila wewe kuyajali kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Nikatikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Ukanikumbatia, kofia zetu zikagongana, tukaenda kula.

Sasa nakuambia ukweli. Sikuelewa. Nilipata "mjomba", nilipata "likizo", nadhani nilipata "kusubiri". Mengine yalinipita. Nilitikisa kichwa kwa sababu niliona haya, kama nilivyotabasamu mezani kwa mama yako, kama wewe ulivyotabasamu mbele ya kamati. Nimesafiri siku nzima na kosa hilo kwenye siti ya dirishani.

Meza zote zitakuwa tayari Novemba. Nitakuja nazo kuzifunga mwenyewe. Usiniandikie uliyoyasema, tafadhali, na mwalimu wangu mshonaji nimemkataza kunibahatishia. Niambie tena kwa mikono pale pale, hata iwe mara kumi. Safari hii sitatikisa kichwa mpaka nielewe.

Mjomba wako